Mzee wa Mafinga anaandika wosia Jumamosi: mhuri wa mtendaji unatosha?

Kifungua_Mimba: Kamwene ndugu zangu. Baba yetu ana miaka 71. Ana ekari 12 za paina Mufindi, zilizopandwa 2014, na nyumba moja Mafinga mjini. Watoto wakubwa tuko wanne. Wosia umeshachapwa stationery, Jumamosi anaweka dole gumba. Naomba kujua kitu kimoja tu: mhuri wa mtendaji wa kijiji unatosha, au lazima wakili?

Mbao_Ngumu: Mkuu, kabla ya mhuri tazama miti. Paina ya 2014 usikubali madalali wakushawishi ivunwe sasa, mbao bado nyembamba na bei yake ni ya chini. Kama mlipanda mita 3 kwa 3, ekari moja ilianza na miche 450 hivi. Hesabuni iliyosimama leo, maana wosia unaosema "shamba langu la miti" bila idadi, mipaka na majina ya majirani wa pande zote ndio unaozaa kesi. Pia andikeni ardhi mbali na miti mbali: nani anavuna awamu hii, nani anabaki na ardhi, na nani analipia kufyeka njia za moto kila kiangazi hadi siku ya kuvuna. Hilo la moto watu wanalisahau, halafu warithi wanategeana mpaka shamba linaungua.

Mama_Tukuyu: Mwanangu, mimi nauliza la mzee mwenyewe. Anayempikia na kumwogesha ni nani? Mbona humtaji?

Karani_Mstaafu: Nami nauliza la dole gumba. Hajui kuandika?

Kifungua_Mimba: Anajua sana, alikuwa karani kiwanda cha chai. Mkono wa kulia haufanyi kazi tangu alipopata kiharusi. Kuongea anaongea kidogo, ila sisi tunamwelewa.

Karani_Mstaafu: Hapo ndipo penyewe, mhuri ni jambo dogo. Mwenye kutoa wosia lazima awe na akili timamu siku hiyo hiyo. Apimwe na daktari, daktari aandike kwamba mzee anaelewa mali yake, anawajua wanawe na anajua anachokifanya. Asomewe wosia neno kwa neno, na mashahidi wamsikie akikubali, au wamwone akiitikia kwa kichwa. Kwa taratibu za kimila, anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili wanaojua kusoma, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Asiyejua, wanne: wawili wa ukoo, wawili wa nje. Kwa kuwa anaweka dole, ningeweka wanne ili asiwepo wa kuuliza baadaye. Anayepewa kitu asiwe shahidi. Ukimaliza, nakala halisi ipelekwe RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanahifadhi wosia, au ibaki kwa wakili. Isikae kwenye sanduku la mmoja wenu.

Mama_Tukuyu: Swali langu bado halijajibiwa.

Kifungua_Mimba: Sawa mama. Yupo mama anayeishi naye tangu 2016. Hawajafunga ndoa. Wana watoto wawili, mmoja darasa la tatu, mwingine chekechea. Kwenye wosia hawamo. Miti tulipanda sisi na mama yetu, wale hawakushika hata jembe. Na wana mama yao wa kuwalea.

Mama_Tukuyu: Mtoto wa chekechea angeshika jembe la nani, mwanangu? Hao ni damu ya baba yako.

Wakili_wa_Uyole: Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima mtoto kufaidika ipasavyo na mali ya mzazi wake. Na huyo mama, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160: mwanamke na mwanamume wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kama mke na mume, mahakama huwachukulia kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hata kimila, kumnyima mrithi bila kutaja sababu ndani ya wosia, na bila yeye kupewa nafasi ya kujitetea, kunauangusha wosia. Wapeni hao wadogo fungu la mavuno la ada ya shule, litunzwe na mtu aliyetajwa kwa jina hadi wafike miaka 18.

Mtazamaji_Iringa: Jamani, mnajibu mtihani wa chuo. Kiharusi, dole gumba, mama asiye na ndoa, watoto wadogo, vyote kwenye uzi mmoja? Huyu kapewa kazi ya darasani. Kama ni kweli, atuambie hati ya shamba imeandikwaje. Mwenye shamba anayo.

Kifungua_Mimba: Sijatunga kitu, na inauma kuambiwa hivyo. Ninayo hapa mezani. Hakimiliki ya kimila ya 2013, ekari 12, wamiliki wawili: baba na mama yetu. Mama alifariki 2015. Mirathi yake hatukufungua, hatukuona haja kwa sababu baba yupo.

Mtazamaji_Iringa: Naomba radhi. Sasa uzi huu ni mwingine kabisa.

Wakili_wa_Uyole: Mwingine kweli. Angalia hati inasemaje kuhusu umiliki wao. Kama ni wa pamoja usio na hisa, aliyebaki anachukua lote. Kama ni wa hisa, na wanandoa wengi huchukuliwa hivyo, hisa ya mama ni mirathi yake na baba hawezi kuigawa kwa wosia wake. Hatua ni hizi: cheti cha kifo cha mama, kikao cha ukoo kimpendekeze msimamizi, kisha maombi Mahakama ya Mwanzo ya eneo alilokuwa akiishi. Msimamizi akishateuliwa ana miezi minne kuwasilisha orodha ya mali na madeni, Fomu Na. 5, halafu hesabu za mgawanyo, Fomu Na. 6. Kwenye hisa ya mama, ninyi wanne mna haki, watoto wadogo hawamo. Kwenye hisa ya baba wamo. Hayo mawili yakichanganywa kwenye karatasi moja ya stationery, mtapoteza yote.

Kifungua_Mimba: Lakini ndugu wameshakata tiketi za kutoka Mbeya na Njombe. Jumamosi siwezi kuiahirisha.

Karani_Mstaafu: Usiiahirishe, ibadilishe kazi. Dole lisiwekwe. Fanyeni kikao cha mirathi ya mama, na huyo mama anayeishi na mzee akae humo ndani asikie.

Kifungua_Mimba: Muhtasari anaandika nani?

Karani_Mstaafu: Yeyote mwenye mwandiko unaosomeka, isipokuwa anayependekezwa kuwa msimamizi. Kila aliyehudhuria aandike jina, uhusiano wake na marehemu, simu na sahihi. Mmoja akigoma kusaini, andikeni kwamba amegoma na sababu aliyoitoa.