Brussels hadi Alps bila kupanda ndege, nani anaijua njia?

BintiKibirizi (Kigoma)
Habari za jioni wakuu. Nahitaji msaada wa mtu anayezijua treni za Ulaya. Januari naenda Brussels kwa kozi ya miezi mitatu. Wenzangu wa kozi wameshafungua kundi la WhatsApp na wamepanga Februari twende wiki moja kuteleza kwenye theluji milima ya Alps, upande wa Ufaransa, sehemu inaitwa Les Arcs. Wengi wanataka ndege mpaka Geneva halafu basi. Mimi ndege hiyo siitaki.

Kazi yangu ni kupima maji ya Ziwa Tanganyika. Ziwa linapata joto. Maji ya juu yakizidi kuwa ya moto hayachanganyiki vizuri na ya chini, na rutuba inayolisha vijidudu vinavyoliwa na dagaa inabaki huko huko chini. Najua uvuvi uliozidi nao una sehemu yake. Lakini kina mama wanaoanika dagaa hapa Kibirizi wanaliona jambo hili kwenye chanja zao kabla mimi sijaliona kwenye kipimajoto. Ndege ya Dar kwenda Ulaya sina namna ya kuikwepa. Kuongeza nyingine kwa ajili ya matembezi, moyo unakataa.

Naomba kujua njia yenyewe, habari ya viza mpakani, na hoja ya kuwapa wenzangu.

Mzaliwa_wa_Ujiji (Lyon)
Dada, salamu nyingi toka huku. Bahati nzuri mmechagua mahali ambapo treni inakufikisha mpaka chini ya mlima.

Unapanda Eurostar, treni ya mwendokasi, stesheni ya Brussels Midi, na baada ya saa moja na dakika ishirini na kitu uko Paris, stesheni ya Gare du Nord. Hapo ndipo wageni wanapohangaika, kwa sababu treni za Alps zinaondokea stesheni nyingine, Gare de Lyon. Usichukue teksi. Shuka chini, panda RER, treni ya mjini, mstari D, kituo cha kwanza ni Châtelet, cha pili ndiyo Gare de Lyon. Jipe saa moja na nusu katikati, maana mtakuwa kundi na mabegi, na ngazi za pale ni nyingi. Kisha TGV, treni ya mwendokasi ya Ufaransa, mpaka Bourg-Saint-Maurice, mji ulio chini ya Les Arcs, safari ya kama saa tano. Baada ya Chambéry kaa dirishani. Nje ya stesheni kuna treni ndogo inayovutwa kwa kamba ya chuma, inapanda mlima kwa dakika saba mpaka Arc 1600, kijiji kimoja cha Les Arcs. Namba hiyo ni mita za mwinuko. Kutoka hapo mabasi ya bure yanakupeleka vijiji vingine vya juu.

Msimu wa theluji Eurostar imekuwa ikiendesha pia treni za moja kwa moja toka Brussels hadi Bourg-Saint-Maurice, hasa wikiendi. Angalia kwanza kama ipo kwenye tarehe zenu, itawaondolea hiyo shida ya Paris.

Viza ya Schengen ya Ubelgiji inakutosha Ufaransa, ila pasipoti itembee na wewe, wakaguzi wakati mwingine hupita ndani ya treni. Mbao za kutelezea na buti usinunue, vinakodishwa kule kule. Bei inategemea tarehe kuliko kitu kingine. Likizo ya Februari ya shule za Ufaransa imegawanywa kanda A, B na C, na Paris iko C. Kanda C ikifungua, tiketi za Jumamosi zinapanda sana, kwa hiyo kateni mapema.

Hoja ya kuwapa wenzako: ADEME, wakala wa mazingira wa Ufaransa, wanahesabu TGV chini ya gramu 5 za hewa ukaa kwa abiria kwa kilomita. Ndege ya masafa mafupi inapita gramu 100. TGV inatumia umeme, na umeme wa Ufaransa kwa sehemu kubwa unatoka kwenye nyuklia.

Mtu_wa_Mwanga (Kigoma)
Dada nakuheshimu, ila hiyo ndege ya Geneva itaruka tu, uwemo usiwemo. Na ya Dar utapanda. Unajitesa bure.

BintiKibirizi
Kaka, inaruka kwa sababu viti vinanunuliwa. Sisi tuko kundi zima, na wiki hiyo hiyo kuna makundi mengine yanapiga hesabu kama yetu. Hiyo ya Dar ndiyo inanifanya niwe mkali zaidi kwa hii ya pili, kwa sababu ile ya kwanza haina mbadala na hii inao. Halafu barafu ya milima ya Uswisi imepoteza kama asilimia 10 ya ujazo wake mwaka 2022 na 2023 tu. Siwezi kwenda kuifurahia huku naichoma.

Mzee_wa_Stesheni (Tabora)
Binti yangu, mbona Kigoma hadi Dar hukuuliza? Nako kuna ndege.

Nimefanya kazi relini miaka mingi, hapa Tabora reli ya Mwanza na ya Kigoma zinapoachana. Panda treni Kigoma kwa reli ya zamani, ushuke Dodoma. Hapo hamia SGR ya umeme mpaka Dar, saa tatu na ushee. Mwezi wa kwanza ni wa mvua, na reli ya zamani inaugua pale kati ya Gulwe na Kilosa, maji hula tuta. Ukishukia Dodoma umeshaikwepa sehemu hiyo. Ila treni ya huku ikichelewa inachelewa kweli, usiifunge na ndege ya siku ile ile. Weka siku mbili za kulala Dar.

BintiKibirizi
Shikamoo mzee, asante sana. Hili la Dodoma sikuliwaza, nitafanya hivyo, ndugu wa kunipokea Dar wapo. Kaka wa Lyon, nimetuma njia yako kundini. Watatu wamekubali papo hapo. Mmoja anasema treni ni ghali kuliko ndege.

Mzaliwa_wa_Ujiji (Lyon)
Kuna siku ni kweli. Mafuta ya ndege za kimataifa hayatozwi kodi Ulaya. Mwambie ajumlishe begi kubwa la ndege, usafiri wa kwenda uwanjani, na basi la Geneva mpaka mlimani, halafu mlinganishe. Kwenye TGV mabegi mawili makubwa hulipii. Na kama mna umri chini ya miaka 28, Ufaransa kuna kadi ya vijana ya treni, inashusha nauli vizuri.