Simiti ya udongo uliochomwa: yafaa ukuta wa Lamu ulioungua?

Nyumba ya Mkomani: Assalaam alaykum. Jiko letu la makuti liliwaka mwezi uliopita, alhamdulillahi hakuna aliyeumia. Ukuta wa nyuma ni wa matumbawe na chokaa, ila marehemu baba aliupiga plasta ya simiti. Moto ulipozimwa, plasta ilikuwa imebanduka vipande vikubwa kama sinia. Chokaa ya kale nyuma yake ipo pale pale, imebadilika rangi tu. Siku ya pili ikanya mvua, na plasta iliyosalia ikavimba na kupasuka yenyewe huku tunaitazama. Binamu yangu anataka nitumie ile simiti isiyochafua hewa sana, inayopunguzwa klinka (yale madonge ya kuchomwa yanayosagwa kuwa simiti) karibu nusu, ikatiwa udongo uliochomwa na mawe ya chokaa yaliyosagwa. Je, itastahimili moto? Itadumu?

Ami wa Shela: Wa alaykum salaam. Mwanangu, kuta za magofu ya Gede zasimama tangu Wareno hawajafika pwani hii, na zilipojengwa mfuko wa simiti haukuingia mle. Rudisha chokaa. Siye twaharibiwa na mafundi wa kutoka Malindi, wachota mchanga ufukweni, wakoroga kwa maji ya chumvi, kisha wakuachia ukuta unaolia mwaka mzima.

Mwiko Malindi: Ami, heshima yako iko, lakini hilo la ufukweni umelitoa wapi? Miaka 22 nashika mwiko. Mchanga wangu ni wa mto, na kabla haujashushwa nautia ulimini. Ukiwa na chumvi, unarudi ulikotoka. Nimetengeneza nyumba tatu Langoni, nenda ukazipapase kuta. Na aliyempigia baba wa ndugu yetu simiti juu ya matumbawe si mimi.

Nyumba ya Mkomani: Fundi, marehemu muache apumzike. Alifanya alivyoshauriwa.

Mwiko Malindi: Nisamehe, ndugu. Mungu amrehemu.

Bint Pate: Kaka, pole kwa moto. Uliyoyaona yana sababu. Simiti ikishakauka ina chokaa yake ndani. Moto ukifika kama nyuzi 450, ile chokaa hupoteza maji, hugeuka chokaa mbichi. Ikipata mvua, huvimba. Udongo uliochomwa hula sehemu kubwa ya chokaa hiyo wakati simiti inakomaa, kwa hiyo hubaki kidogo cha kuvimba. Hapo binamu yako ana haki. Lakini mchanganyiko wake hushikana sana, vitundu vyake ni vidogo mno, na moto ukija ghafla mvuke hukosa pa kutokea. Plasta hurushwa vipande.

Karani wa Jeti: Si hiyo inayochomwa nyuzi elfu moja na mia nne na kitu? Sasa hewa imeokolewa wapi?

Bint Pate: Hiyo ni klinka, nyuzi 1,450, na jiwe la chokaa lenyewe likiungua hutoa hewa ya kaboni hata ukilichoma kwa jua. Udongo huchomwa 700 hadi 850, wala hautoi kaboni yake. Tena si ngeni kama mnavyodhani. Mfuko ulioandikwa CEM IV dukani tayari umepunguzwa klinka, ukatiwa pozolana, yaani unga kama wa majivu ya volkano au wa udongo uliochomwa. Faida yake kubwa kwetu ni kwamba chumvi ya bahari huzifikia nondo polepole zaidi. Ila ukuta wako, kaka, hauna nondo. Matumbawe yanataka kupumua, na simiti yoyote iliyobana itafungia unyevu na chumvi ndani.

Ami wa Shela: Mimi sikusema mafundi wote.

Mwiko Malindi: Ulisema "mafundi wa kutoka Malindi". Maneno yapo hapo juu, kila mtu anayasoma. Na kama ni mchanga, tuulizane: vilima vya mchanga vya Shela nani anavichota usiku? Punda hawatoki Malindi.

Ami wa Shela: Hilo usilinigusie! Vilima vile ndivyo vinavyochuja mvua, ndiyo maji matamu ya mji mzima. Nimesimama pale na wajukuu wangu kuwazuia watu wenye magunia. Anayechota mchanga ule anakunywa maji ya mwanawe.

Karani wa Jeti: Ami kasema kweli. Kisima cha jirani yangu siku hizi kina chumvi: chai yake haihitaji chumvi wala sukari haionekani. Na bado mahoteli yanachimba visima.

Mwiko Malindi: Basi hapo tuko pamoja, ami. Lakini neno lako la kwanza liliniuma, sikufichi.

Ami wa Shela: Nimelirudisha, mwanangu. Mchanga wa kuonjwa kwa ulimi, huo naukubali.

Karani wa Jeti: Sasa hivyo visima vya mahoteli nani anavipa ruhusa?

Nyumba ya Mkomani: Jamaa, plasta yote ya simiti nimeibandua leo, ukuta uko wazi. Nitarudi kwenye chokaa. Lakini kwa haya ya visima mmenitia wasiwasi: niikoroge kwa maji gani?

Mwiko Malindi: Ya mvua. Birika la nyumba bado linashika maji?