Naomba ushauri: nisubiri ruzuku ya serikali au nitafute mnunuzi wa kwanza?

FundiNyamirambo: Ndugu zangu, nawasalimu kwa heshima. Mimi ni fundi wa elektroniki hapa Kigali, na kwa miaka miwili nimekuwa nikiunda kipimo cha bei nafuu cha unyevu wa mahindi. Wakulima wengi hupima kwa kuuma punje, kisha mzigo hukataliwa na mnunuzi kwa sababu unyevu umezidi asilimia 13.5, ambayo ndiyo kikomo cha kiwango cha Afrika Mashariki. Niliwasilisha andiko la kuomba ruzuku katika taasisi moja, na huu ni mwezi wa nane sijajibiwa. Akiba yangu inakwisha. Je, niendelee kusubiri?

MzeeRusumo: Kijana wangu, usisubiri. Msaada mkubwa ambao serikali ya nchi ndogo kama Rwanda inaweza kumpa mbunifu ni kuwa mteja wake. Kampuni ya Zipline ilipoanza kupeleka damu hospitalini kwa ndege zisizo na rubani kutoka Muhanga, Oktoba 2016, serikali ilinunua huduma hiyo kwa malipo ya kila safari na ikairuhusu kutumia anga lake. Nchi kubwa nyingi zilikuwa bado zinajadili kanuni. Kwa hiyo nenda kwa afisa kilimo wa wilaya na kwenye chama cha ushirika, uombe wakijaribu kipimo chako katika mavuno ya Januari.

DadaMizani: Namheshimu Mzee, lakini naomba niongeze jambo ambalo wabunifu wengi hulipuuza. Hakuna ofisi ya umma itakayonunua kifaa ambacho usahihi wake haujathibitishwa, kwa hiyo anzia Shirika la Viwango la Rwanda, RSB. Kabla ya hapo, linganisha mwenyewe kifaa chako na njia ya tanuri: pima uzito wa sampuli, ikaushe tanurini, ipime uzito tena ili uone maji yaliyopotea, urudie kwa mbegu tofauti na katika joto tofauti, kwa maana kipimo cha umeme hupotoshwa na joto. Na kama kuna uvumbuzi wa kweli ndani yake, omba hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, kwenye Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB, kabla ya kukionyesha hadharani.

Mwanakacyiru: Ruzuku nayo usiitupe. Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia hutoa fedha za utafiti na ubunifu kwa ushindani, na andiko lenye matokeo ya shambani lina nguvu kuliko lenye michoro mitupu. Kwa ushauri wa bure wa wenzako, fika kLab, kituo cha wabunifu wa teknolojia hapa Kigali kilichopo tangu 2012.

FundiNyamirambo: Mzee wangu, dada na ndugu yangu, nashukuru sana. Nitaanza na tanuri wiki hii. Dada, kwa mbegu moja nichukue sampuli ngapi?

DadaMizani: Anza na kumi, kuanzia mahindi mabichi ya asilimia 25 hadi makavu ya 11, na kila sampuli uipime mara tatu. Andika tarehe na joto la chumba, kwa sababu daftari hilo ndilo wakaguzi watakalotaka kuliona.