Maticha wa bayo naombeni ushauri, wanafunzi wanajua majina lakini mfumo hawauoni

TichaBayo
Asalaam aleikum wajameni. Nafunza bayo fomu 3 hapa Malindi na hii topiki ya ikolojia inaninyima usingizi. Wiki jana niliwauliza swali moja tu, wavuvi wakimaliza kikande wote, matumbawe yatakuwaje? Na darasa zima karibu nusu ni watoto wa wavuvi. Wengi wameandika hakuna kitu, kikande ni samaki tu. Kijana mmoja alichora mnyororo wa chakula mzuri, mishale imenyooka kwa rula, akamfuta kikande na mishale yake na vingine vyote akaviacha vilevile, kama mtu ametoa kiti kimoja sebuleni. Mzalishaji, mlaji wa kwanza, mlaji wa pili, hayo wanayatoa bila kufikiria. Lakini kimoja kikiguswa vingine vinafanyaje, hapo kimya. Nakosea wapi?

Nahodha_Mdogo
Ticha watoe nje hao watoto. Mimi napeleka wageni kwenye paki ya baharini, ile inayolindwa tangu 1968, na ndani mule wale wanyama wa miiba wanaokuchoma ukikanyaga ni wachache kwa sababu kikande yuko anawavunja kwa meno. Sasa toka nje ya mpaka, tunakovua kila siku, uone walivyojaa kwenye mwamba. Wanakwangua mwani na jiwe lenyewe wanalila, mwamba unaisha polepole, na chakula cha samaki wengine kama pono na tafi wanakimaliza wao. Kwa hivyo usiulize kikande anakula nini ukaishia hapo, uliza yule aliyekuwa analiwa sasa anafanya nini.

BintiPate
Mwalimu mwenzangu niko Lamu, na shida hiyo iko kila mahali. Hmelo-Silver na Pfeffer walitoa utafiti 2004 huko Marekani kuhusu tangi la samaki, wanaoanza kujifunza walitaja zaidi vitu vinavyoonekana, wajuzi ndio walioeleza kila kitu kinafanya nini na kwa vipi. Mimi sasa naanza na mwili wao. Ramadhani naingia saa nane mchana nauliza, umekula daku alfajiri, mbona sukari haijakuisha ukaanguka? Tunafika wenyewe hadi homoni za sukari, insulini kushuka, glukagoni kupanda, ini kufungua akiba yake ya sukari. Halafu nauliza nani ametoa amri, wote kwa sauti moja, ubongo! Hapo ndipo nakaa nao sana, maana wanataka lazima awepo bosi, na kumbe kongosho yenyewe inahisi sukari ya damu inayopita hapo na kujibu.

Mzazi_Ngomeni
Maneno mazuri lakini mtihani wa KCSE unataka majina na silabasi haingoji mtu.

BintiPate
Mzazi wangu majina yatakuja tu. Mtoto aliyeelewa ini linafanya nini hasahau glukagoni.

Kaka_Shela
Sisi ticha wetu alitupa kila mtu kiumbe chake na kamba ikazunguka darasa zima, mmoja akivuta unahisi mkononi. Ila kamba haionyeshi nani anaongezeka na nani anapungua siku zikienda. Kwa hilo kama shule ina kompyuta jaribu programu ya NetLogo ya Uri Wilensky, ni ya bure, kuna mbwa mwitu na kondoo humo, unaona idadi zao zinapanda na kushuka.

TichaBayo
Nimerudi. Alhamisi maji yalipopwa nimewapeleka mwambani, kila kundi na kipande cha kamba waliyoifunga mraba, wahesabu wenye miiba. Yule kijana wa rula alichuchumaa mpaka suruali ikalowa, hakuhesabu sana, akaniuliza, ticha, hawa wakila mwani wote ukaisha, si nao watakufa, kisha mwani utarudi? Sikumjibu. Nimewaambia wote waje Jumatatu na mchoro, na rula nimewakataza.