Siku 7 Saint Lucia, kisiwa cha Karibea: tukae wapi?

Swali: Wakuu, tukae Rodney Bay, kaskazini mwa kisiwa, wiki nzima au tugawe?

Jibu: Gaweni: usiku 4 Rodney Bay, 3 Soufrière, mji wa kusini-magharibi. Uwanja wa ndege wa Hewanorra uko kusini kabisa; kutoka Rodney Bay ni kama saa moja na nusu ya kona kali, hivyo malizieni Soufrière mkiwa karibu na ndege ya kurudi. Someni tiketi vizuri: uwanja wa Castries, mji mkuu, ni mwingine, wa ndege ndogo za visiwani.

Jibu: Mlima Gros Piton, karibu na Soufrière, upandeni asubuhi na mapema, na mwongozaji wa Fond Gens Libre, kijiji cha chini ya mlima. Maji lita 2 kila mtu. Kushuka ndiko kunakoumiza magoti.

Jibu: Juni hadi Novemba ni msimu wa vimbunga. Halafu dola 1 ya Marekani ni dola 2.70 za huko (dola ya Karibea Mashariki). Kabla ya kupanda teksi, ulizeni bei ni ya dola ipi.