Piko: kidole kimoja safi, vingine ukungu

Wakuu, dada yangu anachora piko (maua ya rangi nyeusi mikononi) hapa Unguja, mimi ndiye mpiga picha wake. Nina Canon na lenzi ya EF 50mm f/1.8 STM. Nikisogea karibu, kidole cha shahada kinatoka safi, kiganja chote ukungu. Lenzi mbovu?

Jibu: Lenzi nzima hiyo. Kwa f/1.8 (tundu la lenzi wazi kabisa), ukiwa karibu hivyo, sehemu inayotoka kali ni nyembamba mno. Weka f/8, tundu dogo. Tena chini ya sentimita 35 haishiki fokasi kabisa.

Jibu: Bi harusi alaze mkono juu ya mto wa kulalia, upige kutoka juu.

Muulizaji: f/8 giza! Nikashusha spidi ya shata hadi 1/15 ya sekunde, bi harusi akacheka, picha ikaharibika.

Jibu: Tokeni nje, mkae barazani asubuhi, uweke ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 800.

Muulizaji: Imekubali. Hadi vimaua vya karibu na kucha vinaonekana.