Naomba ushauri: kilima chetu cha moramu kinaisha

Habari zenu wakuu. Nipo Arumeru, upande wa kusini wa Mlima Meru. Nyuma ya shamba letu kuna kilima kidogo cha volkano iliyozimika zamani, kimoja kati ya vile vingi vilivyozunguka Meru. Sasa kinachimbwa moramu, malori yanapanda tangu alfajiri.

Kwa wasiokijua kilima hiki: moramu yake si udongo. Ni vipande vya lava vilivyorushwa juu vikiwa vimejaa gesi, vikapoa na kurundikana kuzunguka tundu. Ndiyo maana jiwe la pale lina matundu kama sponji, jekundu kwa kutu ya chuma, na ukilishika ni jepesi ajabu. Ukuta uliochimbwa unaonyesha matabaka, chenga nene, kisha majivu laini, kisha chenga tena. Kila nikiutazama nasikia uchungu, kwa sababu ile ni historia ambayo haitarudi.

Wachimbaji wanakata kuanzia chini, ukuta umebaki wima, na masika chenga zinaporomoka hadi kwenye migomba ya mama. Watoto wanachezea hapo hapo chini.

Moramu tunaihitaji kwa barabara, sikatai. Ila nusu iliyobaki, yenye miti ya asili, naomba ibaki.

Nianzie wapi: mkutano mkuu wa kijiji, Tume ya Madini au NEMC (baraza la taifa la mazingira)? Kijiji kinaweza kukitenga kilima kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi wakati leseni ya uchimbaji ipo tayari? Na aliyewahi kuotesha miti kwenye chenga tupu, alianza na mti gani?